Cézanne, mchoraji aliyerudi kwao akakaa na mlima mmoja

Katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma habari za wafalme, majenerali na viongozi wa vyama. Leo nawaomba wasomaji mnivumilie niwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuongoza hata kamati ya mtaa, tena mtu mwenye haya na hasira za haraka, asiyependa hata kuguswa. Kazi yake ilikuwa kuchora. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akirudia kuchora mlima mmoja ulio nje ya mji aliozaliwa, pamoja na miti iliyo mbele yake na anga iliyo juu yake. Mtu huyo ni Paul Cézanne, Mfaransa, aliyefariki dunia mwezi Oktoba 1906.

Nimemchagua kwa sababu alikuwa mrejeaji. Hakuondoka kwao kwa mtutu wa bunduki kama wazee wetu wa mwaka 1972, na nisingependa mtu alinganishe Paris na makazi ya wakimbizi. Lakini aliondoka kijana, akapigwa na dunia, akarudi na mvi, na mji ukawa hauna habari naye. Alichofanya baada ya kurudi ndicho kinachostahili kusimuliwa.

Cézanne alizaliwa tarehe 19 Januari 1839 katika mji wa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, si mbali na bandari ya Marseille. Baba yake, Louis-Auguste, alikuwa mfanyabiashara wa kofia. Nyinyi mnaovuka na mizigo kule Mugina na Manyovu mtamwelewa mzee huyu upesi: alianza chini, akauza, akakopesha, na mwaka 1848, baada ya benki ya mji ule kuanguka, yeye na mwenzake wakafungua ya kwao. Mwaka 1859 alinunua shamba kubwa nje ya mji, Jas de Bouffan, lenye jumba la zamani na safu ya miti mikubwa. Ukisimama katika shamba hilo na kutazama mashariki, mlima ule unauona.

Shuleni Paul alikuwa na rafiki aitwaye Émile Zola, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa Ufaransa. Zola alikuwa yatima wa baba na lafudhi yake haikuwa ya pale, kwa hiyo wenzake wakamwonea. Cézanne alimtetea. Wao na mwenzao wa tatu, Baptistin Baille, walikuwa wakitoka alfajiri siku za likizo, wanapanda vilima, wanaoga katika mto Arc na kurudi usiku. Kila aliyekulia mahali anajua vilima vinavyojulikana kwa miguu namna hiyo.

Mzee wa benki alitaka mwanasheria. Kijana akasomea sheria hapo hapo Aix, huku moyo wake uko kwenye rangi. Mwaka 1861 baba alikubali shingo upande aende Paris, lakini kijana hakumaliza hata mwaka. Alikata tamaa, akarudi nyumbani, akawekwa benki kuhesabu fedha za watu. Hakuweza. Mwaka 1862 akaenda tena.

Huko Paris chuo kikuu cha sanaa kilimkataa. Aidha, yalikuwapo maonyesho makubwa ya serikali yaliyoitwa Salon, ambayo ndiyo yaliyokuwa soko la wachoraji, maana picha iliyokataliwa humo haikupata mnunuzi kirahisi. Mwaka baada ya mwaka Cézanne alipeleka picha zake, na mwaka baada ya mwaka zikarudishwa. Aliingia mara moja tu, mwaka 1882, akiandikishwa kama mwanafunzi wa rafiki yake Antoine Guillemet, aliyekuwa katika kamati ya uchaguzi.

Tuseme haki: picha zake za ujana hazikuwa za kupendeza. Nyingi alizitoa kichwani. Zilikuwa za giza, za mauaji na mapambano, rangi imebandikwa nene kwa kisu kama udongo ukutani. Aliyembadilisha ni mchoraji aliyemzidi umri kwa miaka tisa hivi, Camille Pissarro, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Thomas katika bahari ya Karibi, mtu mpole ambaye naye alikuwa mgeni Ufaransa. Kuanzia mwaka 1872 Cézanne alikaa karibu naye katika vijiji vya kaskazini ya Paris, Pontoise na Auvers. Aliazima hata picha moja ya Pissarro na kuinakili yote ili ajifunze. Pissarro alimwondolea rangi nyeusi, akampeleka nje ya nyumba, akamzoeza kuweka rangi kidogo kidogo kwa brashi huku macho yakiwa juu ya kitu chenyewe. Tangu hapo Cézanne akawa mtu wa kutazama kwanza.

Wakati huo alikuwa tayari ana familia ya siri. Mwaka 1869 alikutana na Hortense Fiquet, msichana wa miaka kumi na tisa, na Januari 1872 wakapata mtoto wa kiume, naye akaitwa Paul. Baba hakuambiwa, kwa kuwa posho yote ilitoka kwa baba. Mzee alikuwa na tabia ya kufungua barua za mwanawe, na mwaka 1878 akagundua. Posho ikapunguzwa. Aliyemwokoa kwa fedha za kulisha mama na mtoto ni Zola, aliyekwisha kupata jina na mali.

Upande wa rangi alisaidiwa na muuzaji mmoja wa Paris, Julien Tanguy, ambaye wachoraji walimwita Baba Tanguy. Duka lake lilikuwa dogo. Mchoraji asiye na fedha alichukua rangi kwa mkopo akaacha picha, na picha za Cézanne zikajaa katika duka lile kwa miaka mingi bila mtu kuziulizia. Mzee huyo alikufa maskini mwaka 1894, na picha alizokuwa nazo ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Wenzangu wa biashara, liwekeni jambo hilo kichwani, nitalirudia.

Mwaka 1874 Cézanne alionyesha picha pamoja na akina Pissarro na Monet katika maonyesho yao ya kwanza yaliyo nje ya Salon. Mwaka 1877 alionyesha nao tena. Watu walikwenda kucheka, na yeye ndiye aliyechekwa kuliko wote. Baada ya hapo alizidi kukaa kusini, mara Aix, mara L'Estaque kando ya bahari, akienda Paris na kurudi, hata Aix ikawa ndiyo kwake tena. Mwaka 1886 mambo matatu yalitokea kwa mkupuo. Mwezi Aprili alimwoa Hortense, baba na mama wakiwapo. Zola alitoa riwaya yenye mchoraji aliyeshindwa kazi akajiua, na wengi wakamwona Cézanne ndani yake. Mwezi Oktoba mzee Louis-Auguste akafariki na kuwaachia wanawe urithi mnono. Ilisemwa kwa muda mrefu kwamba riwaya ile ilikata urafiki siku ile ile, ila barua ya Novemba 1887 iliyojitokeza miaka ya karibuni imeonyesha kwamba waliendelea kuandikiana angalau hadi hapo. Vyovyote iwavyo, wawili waliooga pamoja mtoni walizeeka mbali mbali.

Sasa tufike mlimani.

Mlima huo unaitwa Sainte-Victoire. Kipeo chake ni mita 1,011 kutoka usawa wa bahari, yaani sisi tuna vilima visivyo na sifa yoyote vilivyo juu kuliko huo. Ni mwamba mrefu wa mawe meupe ya chokaa. Ukiutazama kutoka upande wa mji unafanana na pembetatu iliyolala, mgongo ukipanda taratibu kisha ukashuka ghafla. Chini yake kuna mashamba, nyumba chache, misonobari, na daraja refu la reli lenye matao ambalo lilijengwa Cézanne akiwa hai. Aliuchora kwa rangi za mafuta zaidi ya mara thelathini, mbali na picha nyingi za rangi za maji.

Mtu atauliza, mlima mmoja unachorwaje mara zote hizo? Hapa naomba nizungumze kama mwalimu. Nafundisha shule ya msingi kusini mwa Burundi, juu ya ziwa Tanganyika. Kila mwaka nawaambia watoto wachore kilima kilicho mbele ya shule, na kila mwaka naletewa picha ile ile: pembetatu ya kijani chini, mstari wa buluu juu kabisa ya karatasi, na katikati pamebaki peupe. Anga haikigusi kilima. Mtoto hachori anachokiona, anachora anachokijua. Anajua kilima ni kijani kwa sababu kina mihogo ya mama yake. Lakini saa nne asubuhi, kutokea darasani, kilima kile ni cha buluu, na pembeni kina zambarau kidogo. Wavuvi na wachuuzi wa ziwani wanalijua jambo hili bila mwalimu: kiangazi milima ya Kongo haionekani kabisa kwa ukungu na moshi, kisha mvua ya kwanza ikinyesha unaamka unakuta imesogea hadi karibu, na kila bonde linahesabika.

Mimi mwenyewe nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika nchi tambarare ya miti ya miombo, na shule yangu yote niliipata kwa Kiswahili cha Tanzania. Kilima chetu nilikijua kwa maneno. Baba alitueleza mutumba wake jioni baada ya jioni, mto upande huu, migomba pale, mti mkubwa mbele ya nyumba ya babu. Mwaka 2009 tulipofika, mti haukuwapo, na nusu ya mteremko ilikuwa imepandwa michikichi ya mtu mwingine. Mambo ya ardhi yana mahali pake, siyo leo. Ninachosema ni kwamba ilibidi nikae chini nikitazame kilima kilichopo, maana kile cha baba kilikuwa kimebaki Ulyankulu pamoja na sauti yake.

Cézanne alirudi kwenye mlima aliokuwa ameupanda utotoni, mlima ambao Zola aliukumbuka akiwa Paris. Angeweza kuuchora kwa kumbukumbu na ungetosha kupamba sebule. Badala yake alikuwa akienda na kisanduku cha rangi na miguu mitatu ya kuegemezea picha, anakaa mbele yake, na kuanza kama mgeni. Tena mlima ule una shida ya pekee. Hewa ya kusini mwa Ufaransa ni kavu na safi, hasa upepo wa kaskazini uvumapo, kwa hiyo mlima ulio mbali unaonekana wazi kama ulio karibu. Ukiupaka buluu hafifu kama wafanyavyo wachoraji wengi kwa vitu vya mbali, unakuwa umedanganya. Ukiupaka rangi kali kama za shamba lililo miguuni pako, unaanguka mbele na kuziba bonde.

Dawa aliyoipata ilimchukua miaka. Alianza kuweka rangi kwa mipigo mifupi ya brashi iliyolala upande mmoja, mmoja kando ya mwingine, kama mtu anayesuka mkeka. Buluu aliyoitumia angani aliirudisha kidogo ndani ya miti iliyo mbele. Rangi ya udongo na ya waridi iliyo mashambani aliipandisha kidogo hadi kwenye uso wa mlima. Kwa njia hiyo bonde lote likashikamana, na huku jicho linajua kabisa kipi kiko mbali na kipi kiko karibu. Mistari ya kuzungushia vitu, ile tunayofundishwa kuianza kwa penseli, aliikatakata akaacha rangi ifanye kazi.

Chukueni picha moja, ile yenye msonobari mkubwa, ya mwaka 1887 au karibu yake, ambayo sasa iko katika nyumba ya sanaa ya Courtauld mjini London. Kushoto limesimama shina la msonobari. Matawi yake yananyoshwa juu ya bonde lote, na ukifuata tawi kwa kidole utaona linapanda na kushuka sawasawa na mgongo wa mlima ulio nyuma yake, kana kwamba mti na mlima vimekubaliana. Majani yamechanganyika na anga hata huwezi kusema moja linaishia wapi. Kulia, mbali, daraja la reli ni dogo kama kitana. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya picha, lakini mashamba yote yamelimwa.

Mwaka 1895 picha hiyo ilitundikwa Aix, katika maonyesho ya chama cha wapenda sanaa wa mji. Mji haukuielewa. Kijana mmoja tu, Joachim Gasquet, mshairi, mtoto wa mwoka mikate aliyesoma na Cézanne, aliitazama na kuisifu kwa dhati. Mzee alifurahi mno, akaitia sahihi yake na kumpa bure.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, mfanyabiashara kijana wa Paris, Ambroise Vollard, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika bahari yetu ya Hindi, alifungua maonyesho ya picha za Cézanne peke yake. Yalikuwa ya kwanza maishani mwake, naye ana miaka 56. Vollard alikuwa ameona thamani pale ambapo wenzake waliona takataka, akanunua mapema. Baada ya hapo wachoraji vijana wakaanza kusafiri hadi Aix kumtafuta mzee. Huko Aix kwenyewe, watoto wa mitaani walimtupia mawe, na msimamizi wa jumba la makumbusho la mji, Henri Pontier, aliapa kwamba picha ya Cézanne haitaingia humo yeye akiwa hai. Nabii hakubaliki kwao, na huyu hakuwa hata na ulimi wa nabii.

Mama yake alifariki mwaka 1897, na mwaka 1899 shamba la Jas de Bouffan likauzwa ili urithi ugawanywe. Aliyerudi kwao akajikuta akipanga nyumba mjini. Mwaka 1901 alinunua kiwanja kwenye kilima cha Lauves, kaskazini mwa mji, na kufikia mwaka uliofuata alikuwa amejenga chumba cha kazi chenye dirisha kubwa la upande wa kaskazini, na kando yake upenyo mrefu mwembamba ukutani wa kupitishia picha zisizoenea mlangoni. Alikuwa na kisukari. Alipanda kila siku alfajiri. Ukitoka chumbani hapo na kupanda kidogo, mlima wote unakuwa mbele yako.

Picha za mlima alizozichora hapo, kati ya mwaka 1902 na 1906, ndizo ngumu na, kwa maoni yangu, ndizo bora. Bonde limekuwa vipande vya kijani, udongo na zambarau. Nyumba ni kipande kimoja cha rangi ya mchanga. Kijani cha miti kimepanda hadi angani, mawingu nayo yana kijani, na hapa na pale kitambaa kimeachwa kitupu. Waliozoea picha za kalenda walidhani hazijamalizika. Mimi naziona ni za mtu ambaye hakutaka kuweka rangi hata moja ambayo hakuwa na hakika nayo.

Tarehe 15 Oktoba 1906 alikuwa nje akichora dhoruba ilipomkuta. Alinyeshewa kwa saa kadhaa, akaanguka, akarudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa dobi. Kesho yake aliamka akaenda kuendelea na picha ya mtunza bustani wake, Vallier, akarudi mahututi. Alifariki wiki moja hivi baada ya kunyeshewa, kwa homa ya mapafu. Hortense na kijana Paul walikuwa Paris, na hawakuwahi.

Mwaka 1907 Paris ilionyesha picha zake 56 kwa pamoja, na akina Picasso, Braque na Matisse walitoka humo wakiwa na kazi ya miaka mingi vichwani. Picasso alifika mbali zaidi: mwaka 1958 alinunua ngome ya Vauvenargues, iliyo chini ya mlima huo huo kwa upande wa kaskazini, na alipokufa mwaka 1973 alizikwa hapo. Kuhusu bei niliyoahidi kuirudia, picha moja ya Sainte-Victoire iliuzwa kwa mnada New York mwezi Novemba 2022 kwa zaidi ya dola milioni 137. Baba Tanguy angekuwa nayo dukani, angeitundika nyuma ya mlango.

Mji wa Aix uliposhtuka, picha zilikuwa zimekwisha tawanyika duniani. Ilibidi mwaka 1984 serikali ya Ufaransa ikabidhi picha nane kwa jumba lile lile la Pontier ili mji uwe na za kuonyesha. Tarehe 28 Agosti 1989 moto uliunguza takriban hekta 5,000 za miteremko ya Sainte-Victoire, misonobari ikateketea. Msonobari wa kule una tabia yake: baadhi ya matunda yake hubaki yamefumba kwa miaka na kufunguka kwa joto la moto, mbegu zikamwagika juu ya majivu. Juu ya kilima cha Lauves kumejengwa maghorofa, lakini pale alipokuwa akikaa pameachwa wazi. Zimesimamishwa nakala za picha zake za mlima, na mgeni akifika anatazama moja, anainua macho, kisha anarudi kuitazama tena.